Mashine ya Baba

Baba aliacha vitu vitatu visivyogawanyika:
jina, kikohozi,
na mashine ya kumenyea buni.

Shamba tuligawana kwa hatua za miguu.
Kaka Hoza siku ile alipiga hatua ndefu
kuliko zote alizowahi kupiga maishani,
nikanyamaza, maana huku juu ya Bumbuli
mvua nayo hugawa upya kila masika:
udongo wangu kwake, wake kwa watu wa bondeni.
Lakini mashine ina mpini mmoja,
tumbo moja, meno ya shaba yaliyolika.

Tukapanga zamu. Jumatatu Hoza, Jumatano Kilua,
Ijumaa mimi, kwa kuwa ni mwanamke na ni kitinda mimba.
Karatasi ikabandikwa mlangoni kwa Kilua
kwa gundi ya ugali.

Mibuni haisomi karatasi.
Vuli ilichelewa, kisha ikaja kwa pupa,
maua yakatoka yote asubuhi moja,
mlima mzima ukanuka asumini kama chumba cha biharusi;
na kilichochanua pamoja huiva pamoja.

Jumanne nikachuma madebe manne.
Nyekundu tupu. Ukichuma mbichi, karani wa chama
huiweka kiganjani akuoneshe mbele ya watu, kimya,
kama anakuonesha jino lako mwenyewe.
Jua likazama nyuma ya migomba.
Buni iliyochumwa leo haitaki kulala na ganda lake:
itapata moto, itachacha,
kesho itanuka pombe ya matanga.

Nikaenda kwa Kilua. Kilua yuko Soni.
Mashine kaifungia zizini, na mbuzi.
Semeni, mkewe, alikuwa amekaa kizingitini
amezungukwa na madebe sita,
anayatazama kama mtu anayetazama deni.
Zamu yao kesho. Mume wake keshokutwa.
Ufunguo mfukoni mwa mume.

Hatukusema kitu cha maana.
Yeye alishika shoka, mimi nikashika mbuzi.

Usiku kucha tulizungusha mpini,
mmoja anamimina, mmoja anazungusha,
maji ya mfereji yakituganda vidoleni,
maganda mekundu yakitufika vifundoni.
Tulimenya buni, na tulibuni pia:
kufuli liliota kutu likaanguka lenyewe;
la, mbuzi kalila;
la, baba kaja usingizini akasema fungueni.
Semeni alicheka mpaka akakaa chini,
na hapo ndipo beseni lake na langu yalipochanganyika.
Au kabla ya hapo. Kulikuwa na giza.

Alfajiri, Hoza huyo, mlangoni,
madebe mawili begani, maneno kinywani.
Akatazama mlango uliovunjwa.
Akatazama mikono yetu.
Akatua mzigo, akakunja suruali.

Siku kumi na sita tulianika kwenye kichanja kimoja,
tukikimbia na turubai kila wingu lilipokohoa,
tukigombana nani kageuza, nani kalala.
Kahawa ikakauka, rangi ya kucha safi.
Kilua alirudi akadai fedha ya kufuli. Anaidai hadi leo.

Kwenye mizani karani akalowesha kidole,
akafungua daftari: Jina?
Tukatazamana. Hoza akafungua mdomo, akaufunga.
Semeni, aliyeolewa tu kwetu, akataja jina la baba.
Karani akasema, huyu si tulimzika?
Semeni akasema, andika.

Akaandika. Kilo hamsini na moja.
Malipo yatakuja Machi, au yatakuja maelezo.
Tukapanda mlima na magunia matupu vichwani,
ukungu ukitushukia,
na nyuma yangu nikasikia mtu anakohoa,
kile kikohozi kikavu, cha mara tatu, cha baba.
Nikageuka.
Alikuwa Semeni.